Unga Uliobeba Jina la Margareta

Alhamisi asubuhi, siku mbili baada ya wapagazi tisa kuanguka mmoja baada ya mwingine kwenye njia ya kupandia mlima, Mkaguzi wa Polisi Hilaria Kombe aliegesha gari mbele ya mashine ya unga ya Marangu akakuta watu wamejaa nje. Hakuna aliyebeba mahindi. Walikuja kuona kama mashine itachomwa moto.

Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa barabara kiunoni. Hakuwa amejificha wala hakuwa analia. Alikuwa anawatazama wale waliokuja kumtazama.

"Shikamoo, mama," Hilaria alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye mimi. Mkaguzi Hilaria, natoka mjini. Huyu ni Sajenti Calvin."

"Mimi ndiye Margareta. Hao wanasema nimewalisha watu GMO. Wewe unasemaje?"

"Mimi bado sijasema kitu. Nimekuja kuuliza."

"Karibu ndani," Margareta alijibu, akapandisha sauti ili wa nje wasikie. "Tangu juzi, wewe ndiye wa kwanza kuja kuuliza."

Ujumbe ulioleta balaa ulikuwa kwenye simu ya Hilaria kama ulivyokuwa kwenye simu ya kila mtu kuanzia Himo mpaka Moshi. *Tahadhari. Unga wa Mama Margareta wa Marangu ni wa mahindi ya GMO, mbegu za maabara. Ndio uliowaangusha wapagazi leo. Msile, msiwape watoto.* Kufikia Jumatano wenye maduka walikuwa wameshautoa unga huo kwenye rafu. Wanawake ishirini na sita wa kikundi chake cha kusaga unga walikuwa wamekaa majumbani, na mpagazi mmoja, Isack, alikuwa bado chumba cha wagonjwa mahututi, hajafumbua macho.

Ndani ya ghala kulikuwa safi kama jikoni kwa mtu anayesubiri wageni. Margareta alichota mahindi mkononi akayamwaga taratibu mbele ya Hilaria.

"Haya ni ya mashamba yetu ya tambarare. Mbegu ni chotara. Watu wanachanganya. Chotara ni mahindi ya aina mbili yamezalishwa pamoja shambani, mwaka hadi mwaka, mpaka ukapata moja linalovumilia jua. GMO ni kitu kingine, wataalamu wanaingia ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu hizo hapa nchini haziruhusiwi kuuzwa, na mimi sijawahi kuzitia machoni."

"Na watu wakiogopa?"

"Wana haki. Mtu lazima ajue anachokula. Mlango wangu uko wazi miaka kumi na moja, wangekuja waniulize."

Jana yake Hilaria alikuwa ameshapeleka maabara sampuli mbili, moja ya mashine hii na nyingine ya unga uliobaki kwenye kiroba kilichokutwa kwenye sanduku la mpishi wa wapagazi. Majibu yangetoka kabla ya saa sita. Kiroba chenyewe alikuwa nacho, kitupu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri. Alikiweka mezani.

"Hiki ni chako?"

Margareta alivaa miwani. Alisoma jina lake, akapapasa nembo ya mgomba iliyochapwa kwa kijani, kisha akageuza mdomo wa kiroba ulikokuwa umening'inia mshono uliokatwa.

"Kiroba ni changu. Mshono si wangu."

"Unajuaje?"

"Wanaofunga unga hapa ni watano. Kila mmoja na uzi wake: mwekundu, bluu, kijani, njano na mweusi. Mteja akilalamika simuulizi tarehe, namuuliza rangi, namjua aliyefunga. Na tunakunja mara mbili ndipo tunashona. Hiki kimekunjwa mara moja, na uzi ni mweupe. Uzi mweupe haujawahi kuingia humu."

"Mama, mtu anaweza kusema mlibadilisha," Calvin alisema.

Margareta alimwonyesha viroba vilivyopangwa mpaka karibu na dari. "Tafuta mweupe humo, baba. Ukiupata nifunge mimi."

Calvin alivua koti, akapekua vyote sabini na viwili. Alipomaliza alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani mpaka viatuni, na hakuwa amepata kitu.

"Viroba vyenu vitupu huwa vinakwenda wapi?" Hilaria aliuliza.

"Vya majumbani wanavitumia kuwekea mkaa. Vya mahotelini na vya wapishi wa mlimani sijui. Nimewahi kusikia kuna mtu anavinunua."

Hilaria aliandika neno hilo, akalipigia mstari.

*

Gidioni, mpishi wa msafara ule, alilazwa wodi ya wanaume hospitalini mjini. Alikuwa ameketi kitandani, dripu mkononi, amekunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Miaka kumi na tisa napika mlimani," alianza kabla hajaulizwa. "Nimelisha Wajerumani, nimelisha Wajapani, nimelisha vijana wetu wanaobeba mizigo kwenye baridi. Hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo kwa mkono wangu. Andika hilo kwanza."

Hilaria aliliandika kwanza. Uso wa Gidioni ukalegea.

"Sasa nieleze ugali wa Jumanne."

"Unga uliletwa na kampuni ya safari, viroba viwili, mtu wao alinunua sokoni Kiboriloni Jumatatu. Siku zote naufuata mwenyewe kwa Mama Margareta, ila safari hii walikuwa na haraka. Asubuhi kiroba kimoja nikakimimina kwenye ndoo, nikachekecha. Kwenye chekeche pakabaki pumba zina wekundu wekundu. Nikadhani ni rangi ya ndoo. Halafu wakati wa kusonga haukushika. Unga wa yule mama ukiusonga unashika, unausikia mkononi. Huu ulikuwa unateleza. Pale ndipo ningemwaga." Akaitazama mikono yake. "Sikumwaga. Watu walikuwa na njaa."

"Mlikula saa ngapi?"

"Saa tano. Saa sita haijafika wa kwanza akaanza kutapika, jasho linamtoka, mate yanamtiririka. Mimi nilikula mwisho. Nakumbuka nimemshika Isack, basi. Nilipozinduka nilikuwa hapa."

Muuguzi alifungua faili. Mgonjwa aliletwa saa saba kasoro hana fahamu, na alianza kuzungumza saa kumi na mbili jioni. Mpaka wakati huo madaktari walikuwa wanashuku maji ya kisima.

"Gidioni, nani mwingine aliona kile kiroba?"

"Nani aangalie kiroba, dada? Watu wanaangalia sahani. Nilishakikunja nikakitia ndani ya sanduku pamoja na kile cha pili tangu alfajiri."

Sanduku hilo lilishushwa na polisi Jumatano asubuhi na kufunguliwa mbele ya Hilaria mwenyewe. Maana yake ni kwamba Jumanne, tangu saa sita hadi saa kumi na mbili, mtu pekee aliyejua jina la unga ule upande wa mlimani alikuwa amelala hajitambui. Hilaria alisoma tena saa iliyoandikwa kwenye simu yake chini ya ujumbe wa tahadhari, kisha akatoka ukumbini, ambako Calvin alikuwa ameegemea ukuta na simu sikioni.

"Afande, nimeufuatilia ule ujumbe kundi kwa kundi. Wa kwanza kabisa ulitumwa Jumanne, saa saba na dakika arobaini mchana, kwenye kundi la wakulima wanaonunua pembejeo Kiboriloni. Namba ni ya mwenye duka, anaitwa Shedrack. Ni mtu anayeheshimika, anawafundisha wakulima habari za mbegu."

Kabla Hilaria hajajibu simu yake iliita. Alikuwa Ester, mkemia wa maabara.

"Nina majibu yako. Kwenye unga wa mashine hakuna dalili yoyote ya GMO wala ya sumu. Ningeupika nikala leo. Ule wa kwenye sanduku nao hauna GMO, ila una dawa ya kuua wadudu, ile wanayopaka kwenye mbegu za kupanda, na rangi nyekundu wanayochanganya humo ili mtu asije akala kwa makosa."

"Mtu amesaga mbegu."

"Ameziosha kwanza rangi itoke, kisha akasaga. Dawa haitoki yote kwa maji. Na nikuambie, kuhusu GMO watu wanabishana mengi na wengine ni wasomi, lakini hakuna anayesema mahindi hayo yanamwangusha mtu mzima ndani ya saa moja. Hiyo ni kazi ya sumu."

"Asante, Ester. Waambie madaktari sasa hivi, wajue wanatibu nini."

"Nimeshawapigia."

*

Duka la pembejeo la Shedrack lilikuwa kubwa na limepangika, majembe upande mmoja, madawa upande mwingine, mbegu katikati. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wateja walimwita Mangi, jina la heshima la Kichagga.

"Karibuni, karibuni. Nilijua polisi mtahitaji mtaalamu," alisema akiwavutia viti. "Hii GMO ni jambo kubwa. Inaingia mwilini polepole, inabadilisha damu. Yule mama hakujua tu, tusimlaumu sana. Walimletea mbegu za bure, akapokea."

"Nani alimletea?"

"Wanasema wazungu."

"Nani wanasema?"

"Watu."

Hilaria aliitikia kwa kichwa. Kupitia mlango wa nyuma aliona ua, na kwenye ua turubai kubwa limeanikwa juani. Lilikuwa limeoshwa vizuri. Kwenye mishono yake, ambako brashi haikufika, kulikuwa na wekundu uliofifia.

"Wewe unauza unga, Mangi?"

"Hapana kabisa. Mbegu na madawa tu."

"Habari za wapagazi ulizipata lini?"

"Jana, Jumatano. Kwenye redio, kama kila mtu."

Hilaria aliweka simu mezani, ujumbe ukiwa wazi. "Hii ni namba yako. Jumanne, saa saba na dakika arobaini."

Shedrack aliusoma ujumbe wake mwenyewe kana kwamba ameandika mtu mwingine. "Ah, kweli. Nimechanganya siku. Nilipigiwa na mtu wa kule kule mlimani."

"Jina lake?"

"Huyo huyo mpishi. Gidioni. Ni mteja wangu. Alinipigia akanieleza kwamba ni unga wa Margareta."

"Saa ngapi?"

"Kama saa saba hivi."

"Saa saba Gidioni alikuwa hospitalini hana fahamu. Ameanza kuzungumza saa kumi na mbili jioni, na imeandikwa." Hilaria hakupandisha sauti. "Mchana ule madaktari walikuwa wanachunguza maji. Polisi hatukujua kama ni ugali. Wapagazi wenyewe hawakujua unga wa nani. Wewe, uliyekaa dukani Kiboriloni, ulijua jina. Ulilijua kwa sababu ulisikia wapagazi wa kampuni fulani wameanguka, na unakumbuka Jumatatu uliiuzia kampuni hiyo nini. Ukawahi kutafuta wa kumtupia."

"Dada, mimi ni mtu wa kanisa—"

"Sajenti, nenda kaangalie lile turubai."

Calvin alikaa uani dakika tano. Aliporudi alikuwa ameshika gunia tupu la mbegu, tarehe ya mwisho ya kupanda imepita miezi saba, maneno makubwa mekundu ubavuni: SI CHAKULA. Mkono wa pili alikuwa na sindano ya kushonea magunia na kibunda cha uzi mweupe.

Shedrack alivitazama vitu hivyo, kisha akautazama mlango.

"Hebu nitazame mimi," Hilaria alisema. "Isack hajafumbua macho. Akifa, ni kesi nyingine. Na kila kiroba kitakachopikwa leo ni kesi nyingine tena. Viko vingapi?"

Shedrack alilowesha midomo.

"Ishirini. Nilivinunua vitupu mahotelini. Viwili kampuni ilichukua. Kumi na vinane niliwapa akina mama wa sokoni wauze. Mbegu niliziosha, afande. Niliziosha mara tatu. Nilijua ni salama."

"Kwa nini jina lake?"

"Ndio unaonunuliwa," Shedrack alisema, na alionekana kushangaa swali lenyewe. "Hapa sokoni, ukiweka unga mwingine na wa Margareta, watu wanachukua wa Margareta."

*

Hilaria alipiga simu Marangu akiwa bado amesimama dukani. Askari aliokuwa nao ni wanne, na soko la Kiboriloni lina milango isiyohesabika. Margareta alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: uzi ni mweupe, mkunjo mmoja? Alipojibiwa ndiyo, alikata.

Saa nane kasoro gari la mizigo lilisimama barabarani, wakashuka wanawake ishirini na sita wamevaa vitenge vya kikundi vya kijani. Watu wa sokoni waliacha kupima nyanya. Mwanamke mmoja alipaza sauti, "Wameleta GMO nyingine!" na wachache wakacheka.

Margareta alipanda juu ya kreti la soda. Hakuomba kipaza sauti.

"Jamani, mimi ndiye Margareta. Kuna mtu amejaza sumu kwenye viroba vyenye jina langu akawauzia. Polisi wamemkamata, mtasikia. Wimbo wa GMO tuuzungumze siku nyingine, njooni Marangu mashine iko wazi mniulize mpaka mchoke. Leo nataka kiroba cha uzi mweupe, mkunjo mmoja. Ukiwa nacho kilete. Umemuuzia mtu, nipeleke kwake. Usione haya, mimi mwenyewe sioni."

Kicheko kilikatika. Mwuza dagaa akainua kiroba kutoka chini ya meza yake. Wa pili akakumbuka nyumba ya jirani. Wanawake wale walijigawa wawili wawili, wakaingia vichochoroni, wakabisha hodi, wakapinda viroba na kutazama uzi. Kufikia saa tisa na nusu vilikuwa vimelala kumi na saba nyuma ya gari la polisi, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameumwa.

Kilibaki kimoja. Mama aliyekiuza hakumjua mnunuzi. "Dada tu, si mwenyeji wa huku kwa kuongea. Nilimwambia maneno yanayosemwa kuhusu huo unga, akasema yeye anautaka huo huo."

Margareta alifumba macho kidogo. "Jana ilikuwa Jumatano. Kuna mteja wangu wa mtaa wa Soweto hapa Moshi, Rachel, mume wake anafanya kazi mashamba ya miwa. Kila Jumatano ananipigia nimpakilie kiroba kwenye bodaboda. Jana hakupiga. Nikasema moyoni, huyu naye ameamini." Alikuwa tayari ameshatoa simu. Namba haikupatikana. "Nyumba naijua kwa maelezo ninayowapa bodaboda. Twende."

Calvin aliendesha kwa kasi ambayo siku nyingine Hilaria angemkaripia. Soweto walipita mitaa miwili, wakakuta geti la bluu. Hilaria alibisha. Mwanamke kijana alifungua, mwiko mkononi, na nyuma yake watoto wawili wenye sare za shule walikuwa wamekaa mkekani wakisubiri, vikombe vitupu mbele yao. Jikoni palinukia uji.

"Polisi. Una unga wa Mama Margareta humu ndani?"

"Ninao, na sitoi." Rachel aliziba mlango kwa mwili wake. "Kama mmeleta maneno ya GMO rudini nayo. Miaka mitatu wanangu wanakula unga huo, hawajawahi hata kukohoa. Yule mama mnamwonea tu kwa sababu ametengeneza kitu kizuri. Jana nimeukuta sokoni, nimeununua kwa makusudi ili aone kuna watu hatujamwacha."

"Rachel," Margareta alisema nyuma ya Hilaria.

Mwiko ulishuka. Rachel aliinama pembeni kumtazama huyo mwenye kuita.

"Hiyo sauti naijua."

"Ndiye mimi. Unga huo si wangu, mwanangu. Mtu ameiba jina. Epua uji, tafadhali, mtoto asiguse."

Rachel aligeuka, akakimbia. Walisikia sufuria ikigonga sakafu na uji ukimwagika, na mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa. Aliporudi alikuwa bado ameshika mwiko.

"Nilikuwa naupoza," alisema. "Mama, nilikuwa naupoza. Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka." Margareta alimshika mabega yote mawili, akamshikilia hivyo mpaka akatulia. "Tangu Jumanne natafuta mtu mmoja wa kunitetea. Kumbe alikuwepo, na nusura nimpoteze."

Kiroba kilikuwa kwenye kona ya jiko, kimepungua kikombe kimoja tu. Calvin aliinama kukibeba. Margareta alimzuia kwa mkono.

"Mama, hicho ni kielelezo cha mahakamani," Hilaria alisema. "Lazima kiwe mikononi mwa polisi."

"Kitafika mikononi mwa polisi. Gari liko hapo nje."

Hilaria alimtazama, akatazama mlango, akatoa glovu mfukoni akampa. Margareta alizivaa, akakunja kitambaa kuwa kata, akajitwika. Nje majirani walikuwa wameshakusanyika kwenye mageti, simu juu, wakisubiri kuona nani anakamatwa. Alitoka mbele yao amenyoosha shingo, kiroba kichwani, jina limewaelekea. Hakuharakisha. Mkaguzi wa polisi na sajenti wake walimfuata nyuma.